Kipimo cha Yaya

Mimi nashona. Nimeshona Butembo zaidi ya miaka ishirini, katika kibanda cha mbao kando ya barabara, na mashine mbili, pasi ya makaa na daftari la vipimo. Na niseme mapema, mtu asije akadhani ananisoma vibaya: sijawahi kuwa mpole. Mwanamke akileta libaya, hiyo blauzi ya kitenge tunayovaa kwetu, na kuniambia linambana, nilikuwa namjibu, "Libaya hapana badilika, mama. Ni weye." Walicheka, wakanitukana kidogo, wakarudi mwezi uliofuata. Nilishona vizuri, na nilijua kwamba nashona vizuri. Ubaya wangu wote ulianzia hapo.

Dada yangu mkubwa, ambaye sisi wadogo tulimwita Yaya, aliolewa Goma na akabaki huko kufanya biashara ya maharagwe hata baada ya mume wake kufa. Binti yake wa pekee alikuja kusoma Butembo, akakaa kwangu tangu akiwa wa shule ya sekondari. Ananiita mama mudogo. Alipopata mchumba wa hapa hapa mjini, harusi ikapangwa hapa, na ndugu wa Goma wakaambiwa wajiandae kuja.

Kwetu harusi lazima iwe na kitenge chake. Familia inachagua kimoja, kila mwanamke ananunua, na fundi anashona mpaka mgongo unakataa kunyooka. Kile chetu kilikuwa cha manjano chenye majani ya kahawia. Nilikuwa na mabaya, yaani hizo blauzi, arobaini na kitu ya kushona, yote rangi moja, na mtu akiyachanganya ni aibu. Niliwahi kumpa mama mkwe libaya la bibi harusi, miaka ya nyuma, na wakwe wanalizungumza mpaka leo. Tangu hapo nina mtindo wangu. Ndani ya kola, mahali ambapo hapaonekani, ninapiga nyuzi tatu za rangi, kila mtu na rangi yake, na ninaandika kwenye daftari. Yaya alikuwa uzi mwekundu tangu siku ya kwanza ya mtindo huo.

Mabaya manne yalikuwa ya kwenda Goma: la Yaya, mawili ya binamu zetu, na moja la rafiki yake Yaya. Huyo rafiki alikuwa Mwislamu, mtu wa Beni, ambaye alikuwa na meza yake sokoni Goma karibu na ya Yaya. Mume wake alibaki Beni na malori yake ya kusafirisha kakao. Yeye aliomba libaya pana, la mikono mirefu, la heshima. Nikampigia uzi wa kijani na nikamshonea pana kweli.

Yaya akanipigia simu.

"Mudogo wangu, nimenona. Ongeza kumi."

"Kumi ya nini?"

"Kumi ya kifua, na kiuno vilevile."

"Wapi! Kila harusi unasema vile, kisha libaya inakuwa gunia. Kipimo yako iko mu daftari."

"Daftari yako ni ya zamani."

"Na weye ni wa zamani vilevile, Yaya. Acha nifanye kazi."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Nisikilize basi," akasema. Sikumsikiliza. Nilishona kwa daftari. Mzigo ulipofika Goma akapiga tena: "Libaya inanikamata. Nikurudishie, uifungue pembeni?" Siku zilikuwa zimebaki tatu, nyumba imejaa wageni, mimi sijalala vizuri wiki nzima. Nikamwambia, "Sina wakati, Yaya. Vaa tu, pumua kidogo kidogo. Ni siku moja." Nikakata simu. Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia dada yangu duniani.

Miaka ile barabara ya Goma ilikuwa ya kumwachia Mungu, lakini ndege ndogo bado zilikuwa zinaruka, na aliyeweza alipanda ndege. Yao ilikuwa ifike saa tatu asubuhi na sherehe ya familia ianze saa sita. Kwa hiyo walipatana kusafiri wakiwa wamevaa tayari, washuke moja kwa moja kwenye ngoma. Sisi tulikuwa uwanjani tangu saa mbili, wanawake kama ishirini wa manjano, na mtoto wetu, bibi harusi, katikati akicheka cheka bila sababu. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mji, jambo la kawaida Butembo, hakuna aliyeshangaa.

Tuliisikia ndege kabla ya saa tatu. Ilipita juu yetu ndani ya mawingu bila kuonekana. Wenzangu wakaanza vigelegele. Sauti ikazunguka, ikaenda upande wa milima, ikarudi, ikaenda tena. Shangazi mmoja akasema rubani anatafuta tundu la kushukia. Kisha ukaja mshindo mmoja, mbali, si mkubwa, na baada ya hapo sauti ya injini haikuwepo. Mtu mmoja alikuwa bado anapiga kigelegele, akakikata katikati.

Sijui kilichotokea huko juu. Wengine walisema ukungu, wengine walisema ndege yenyewe ilikuwa imechoka. Mimi si mtu wa ndege. Ninachojua ni kwamba ilikuwa inashuka kuja kwetu na kilima kikawa mbele yake.

Tulipanda pikipiki mpaka njia ilipoishia, tukaendelea kwa miguu kupitia mashamba ya viazi na vitunguu. Watu wa kilima walikuwa wametangulia. Walikuwa wamekata miti ya kubebea na kutoa mablanketi ya vitanda vyao wenyewe, na tayari walikuwa wanateremka na marehemu wawili wawili, wakiimba polepole nyimbo za kanisa. Mama mmoja alituona tukipanda na vitenge vyetu vya manjano, akashika mdomo, akamwita Mungu kwa lugha yetu. "Ee Nyamuhanga! Bengine tena!" Hapo ndipo nilipoelewa amekwisha kuona kitenge chetu huko juu. Hakupona hata mtu mmoja.

Kesho yake asubuhi tuliitwa mochwari. Wanawake wa manjano walikuwa wanne, wamelazwa pamoja, na muuguzi, kijana mwenye adabu, alikuwa amewafunga vichwa kwa shuka wale ambao hawakufaa kutazamwa. Binamu zetu wawili walitambuliwa na watoto wao kwa uso. Wakabaki wawili.

Mtoto akanishika mkono. "Mama mudogo, tuangalie muguu. Mama iko na alama."

Alama hiyo ninaijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu niliiweka mimi. Nilikuwa mdogo, nacheza ufundi kwa pasi ya mama yetu, nikaiacha juu ya mguu wa kushoto wa Yaya. Ilibaki ncha ya pasi chini ya goti lake maisha yake yote. Ilikuwa rahisi tu kuinua kitenge na kuangalia. Lakini mlango ulikuwa umejaa watu, wanaume wa familia nyingine wamesimama pale pale, na mimi sikutaka Yaya afunuliwe miguu mbele yao. Hiyo ndiyo sababu niliyoisema. Sababu nyingine sikuisema: nilijiona mimi ndiye ninayejua.

"Hapana haja," nikasema. "Miye nilishona hizi nguo. Uzi yangu hapana danganya."

Nikageuza kola ya kwanza. Kijani. Nikageuza ya pili. Nyekundu. Nikaweka mkono juu ya kifua cha yule wa uzi mwekundu, nikasema, "Yaya ni huyu," na mtoto akaanguka juu yake akilia.

Mume wa yule rafiki alikuwa amefika kutoka Beni alfajiri na ndugu zake. Mzee mwembamba, kofia nyeupe, viatu vya matope. Kwao marehemu hakai. Alitaka kumzika mke wake siku ile ile. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, una hakika?"

"Papa, ni kazi ya mikono yangu."

Akaniamini. Akanishukuru hata, akaweka mkono kifuani kabisa, wakambeba yule wa uzi wa kijani, wakaondoka.

Sisi tukampeleka wetu nyumbani. Wanawake wakachemsha maji, tukafunga mlango wa chumba. Mtoto alisema yeye ndiye ataanza na miguu ya mama yake. Akakunja kitenge taratibu mpaka magotini, akachovya kitambaa, kisha akasimama vile vile na kitambaa kinadondosha maji sakafuni.

"Mama mudogo. Alama iko wapi?"

Nikaangalia mguu wa kushoto. Nikaangalia wa kulia, mjinga mimi, kana kwamba kovu linahama. Ngozi ilikuwa safi pande zote mbili. Nikainua macho kwenye libaya, na nikaona kile ambacho fundi yeyote angekiona mara ya kwanza kama hakulewa sifa zake. Libaya la Yaya lilikuwa limemkaa huyu mwanamke sawasawa, kifuani na kiunoni, bila mkunjo hata mmoja. Yaya aliniambia amenona. Aliniambia linamkamata. Na rafiki yake alikuwa na libaya pana.

Walibadilishana. Labda asubuhi ile, wakiwa Goma wanavaa, huyu akimwambia mwenzake, "Chukua yangu, miye nitajifunika na mutandio." Najua walinicheka. Yaya lazima alinicheka.

Mtoto hakupiga kelele. "Mama yangu iko wapi?"

"Beni," nikasema.

Niliona haya mpaka masikio yakawa yanalia. Wale wanawake waliokuwa na maji ya moto wakaacha kila kitu, wakamfunika mgeni wetu kwa kitenge kipya. Hatukumgusa tena. Nilimpigia simu yule mzee mara nne, tano; simu imezimwa. Jirani yetu anayeleta samaki kutoka Kyavinyonge, kule ziwani, akatoa gari lake, akalisafisha kwa sabuni kwanza, tukaweka godoro nyuma, tukamlaza marehemu, wanawake wawili wakakaa naye. Mimi na mtoto tukakaa mbele na dereva wake.

Njiani vizuizi ni vingi. Kwenye kimoja askari akafunua kona ya turubai, akauliza, "Maiti hii inaenda wapi?"

"Kwake," nikasema. "Tulimukosea." Akalirudisha turubai na kufungua kamba.

Tulikuwa tunashuka, joto la Beni linaanza, kakao imeanikwa kando ya barabara. Halafu mtoto akasema, akiangalia mbele, "Kama bamemaliza kumuzika, sitaomba mutu achimbue mama yangu."

"Nitaomba miye."

"Hapana, mama mudogo. Weye umeamua ya kutosha."

Katika maisha yangu nimejibu watu wote. Hapo nilimgeukia dereva, nikamwomba aongeze mwendo.

Nyumbani kwa yule mzee tulikuta wanawake tu, wamekaa kwenye mikeka. Wanaume wameenda makaburini, wakatuambia, muda si mrefu. Dereva akageuza gari. Tulipofika tuliwaona wamesimama safu safu kwenye uwazi, jeneza mbele yao limefunikwa, kaburi limechimbwa pembeni, udongo mwekundu bado mbichi. Mwanamke haendi pale. Nilijua. Nilienda, viatu mkononi, kichwa wazi, nikilia kwa sauti: "Simameni! Simameni!" Watu wenyewe walikuwa wamesimama tayari. Mpaka leo mtoto akitaka kunichokoza ananiambia simama wakati nimesimama, na tunacheka wote wawili.

Mzee akageuka. Nikapiga magoti kwenye udongo.

"Papa, nilikosea. Huyu ni dada yangu. Bibi yako iko mu gari."

Kijana mmoja akasema mwondoeni huyu, amechanganyikiwa. Mzee akainua mkono, kijana akanyamaza. Nikamwambia habari ya mabaya, ya kubadilishana, ya alama ya pasi kwenye mguu wa kushoto. Nilisema yote, hata neno langu la kwenye simu, mbele ya wanaume wale wote. Akatuma lori lake liwalete wanawake waliomuosha marehemu. Akaja mama mzazi wa yule mzee, mama mkongwe sana, anashikiliwa mikono.

"Alama iko," akasema yule mama. "Ya pasi. Niliiona. Nikasema labda aliungua Goma, hatujamuona tangu mwaka jana."

Jeneza likapelekwa kando, wanawake wakalizunguka kwa vitenge, wakafungua sanda upande wa miguu. Mtoto akaingia ndani ya ule mviringo. Mimi sikuthubutu. Nilimsikia akisema, "Ni mama," mara moja, kisha tena, "Ni mama," na nikasikia anavyolia. Hakuwa analia hivyo mochwari. Mochwari alilia na shaka yake ndani. Hapa alilia mpaka mwisho.

Yule mama mzee akaniuliza nani alimchoma vile. Nikamwambia ni mimi, utotoni. Na nikakumbuka jambo ambalo sikuwa nimelifikiria miaka mingi. Siku ile mama yetu alipokuja mbio na kuuliza nani amefanya hivi, Yaya alisema amejiangukia mwenyewe. Alikuwa anatetemeka kwa maumivu na akasema amejiangukia mwenyewe.

Nilingoja matusi kwa yule mzee. Niliyahitaji. Akaja akasimama mbele yangu, macho mekundu, akasema, "Dada yako tumemuosha vizuri. Tumemupaka manukato, tumemuombea. Hapana kitu kibaya kilimufikia kwetu." Kisha akauliza, "Na wangu, mulimufanya nini?"

"Tulimufunika tu, Papa. Na tulimusindikiza."

"Basi aksanti," akasema. Akaenda kwenye gari la samaki, akaweka paji la uso wake kwenye ubao wa nyuma, karibu na kichwa cha mke wake, akalia akiwa amesimama. Hakuna aliyemharakisha.

Yule mama mzee akanishika mkono. "Kuya. Utanisaidia maji." Tukarudi nyumbani kwao, nikateka maji ya kumuoshea mkwe wake. Nilibeba ndoo mpaka mlangoni, sikuingia, wakapokea. Waliniletea lile libaya la uzi mwekundu kwenye mfuko. Kupitia mlango nilimwomba marehemu msamaha kwa kilichotokea, nikamshukuru kwa kumpa Yaya nguo ya kupumulia. Kabla ya jua kuzama alikuwa amezikwa katika kaburi lile lile, na sisi tukawa njiani kurudi na wetu.

Kesho yake Padri alikuwa amepangwa kuja saa sita mchana kwa mazishi. Wanawake waliniuliza tumvalishe Yaya nini. Mtoto akajibu kabla yangu: "Alikuya mu harusi yangu. Avae kitenge ya harusi yangu." Kilikuwa kimebaki kipande kizuri, nilikuwa nimekiweka kwa ajili ya mito ya viti. Nikakikunjua mezani. Nikachukua daftari kwa mazoea, nikalifungua kwenye ukurasa wake, nikalifunga.

Nikaenda na mita yangu chumbani alipolazwa. Watu wa Beni walikuwa wamemfunga vizuri kiasi kwamba niliona vibaya kulegeza sanda, lakini nililegeza. Bado alinukia manukato yao.

"Shika huku," nikamwambia mtoto. Akashika ncha moja. Nikaizungusha mita chini ya mgongo wa dada yangu, nikaileta kifuani.

"Soma."

Akasoma. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena, namba ile ile. Yaya aliomba kumi. Ilikuwa kumi na mbili. Hata yeye alikuwa amejipunguzia, mwanamke yule, kwa kuniogopa mimi na mdomo wangu. Nikacheka na kulia kwa pamoja, na mtoto akaniangalia, halafu akasema taratibu, "Ongeza basi, mama mudogo."

Nikaongeza. Niliweka na vidole viwili zaidi kila upande. Nilikata, nikashona, nikapiga nyuzi tatu nyekundu ndani ya kola, nikapiga pasi. Tukamvalisha. Mtoto akafunga vifungo kutoka chini kwenda juu, na cha mwisho akakifunga bila kuvuta.

"Inamukaa," akasema.

Nikaangalia saa ukutani. Nilimwambia sina wakati; tangu mkasi mpaka kifungo, kazi yote haikuchukua masaa mawili.